Ngwe ya Mwenzako

Jumatatu, 4 Machi

Daktari Barbara ameomba kila kikundi kiandike kumbukumbu za msimu: umeme ulikatika lini, mtandao ulilala lini, mashine gani iliumwa. Nimemwambia sawa. Lakini mimi Aidah Mugeni sijawahi kushika kalamu nikaandika nusu. Yanayomhusu nitamnakilia pembeni. Mengine haya ni yangu.

Kisa chenyewe ni mihogo. Juzi tulikuwa kijijini Kwapa, kwa wifi yangu Akiror. Aling'oa shina moja mbele yetu, majani mabichi, mti umenyooka, ungedhani mwaka huu watu watavimbiwa. Akaupasua muhogo kwa panga. Ndani kahawia, umeoza kama jino. Akapasua wa pili, wa tatu, akahamia shina jingine. Shamba zima ni hivyo. Huu ugonjwa wa michirizi hauna adabu kabisa, unakuacha upalilie mwaka mzima, ndipo ukucheke siku ya kuvuna. Akiror hakulia. Akiror halii. Alifuta panga kwenye majani akasema, "Basi. Mwaka huu tutakula maneno."

Barbara ni mtafiti wa mihogo, na alikuwepo. Akatueleza kwamba kituoni kwao wamezalisha aina mpya za mihogo, nyingi ajabu, na kuijaribu kila aina shambani ni kazi ya kuzeekea. Kwa hiyo kompyuta ndizo zinazopiga hesabu za vinasaba kwanza, ili ipandwe ile yenye tumaini tu. Sasa hesabu zimezidi kompyuta za kituo. Ndipo anazunguka kuomba: mashine yako ikikaa bure, iache itufanyie kazi. Unaweka programu, programu inashusha pakiti ya hesabu, inaikokotoa, inairudisha. Ukirudi kwenye kazi yako inakupisha. Na kikundi kitakachomaliza sehemu yake vizuri kabla ya Agosti kitapewa shamba la majaribio. Pingili za mihogo iliyoteuliwa zitapandwa kwao kwanza.

Akiror, ambaye ni mwalimu wa hesabu na kompyuta katika sekondari ya pale, akapiga makofi. "Si hiyo ni aleya?"

Aleya ni desturi ya Wateso. Leo wote mnalima kwangu, kesho wote kwako. Kila mmoja anapimiwa ngwe yake ya kulima, na anayebaki nyuma wenzake wanamrudia wammalizie, mtoke shambani pamoja. Mimi Msamia nimeolewa kwao siku nyingi, nimelima aleya zao mpaka viganja vikaota sugu, na bado Akiror ananiita "mke wa Ojulong", kana kwamba mama yangu alinizaa bila jina. Lakini shauri yake. Kikundi kimeitwa Aleya, na katibu ni mimi.

Jumanne, 5 Machi

Nimeweka programu kwenye mashine zangu zote pale dukani. Zinavuma vizuri. Mvua bado.

Jumamosi, 9 Machi

Leo nimevuka mpaka hapa Busia kwenda kwa Oundo. Oundo ana saiba, duka la intaneti, upande wa Kenya, mashine kubwa kubwa za vijana wa gemu, zina mataa ya rangi kama jukwaa la harusi. Mimi nina duka la kuchapa na kutoa kopi upande wa Uganda. Kwa miaka mingi tumeibiana wateja na kusalimiana kwa meno.

"Mathe Aidah! Leo umenikumbuka ama umepotea njia?"

"Nimekuja kukuomba mashine."

"Si unazo? Ama zile za enzi ya Nuhu zimezama?"

Nikameza. Nikamweleza habari ya mihogo, ya pakiti, ya mashine zake zinazosinzia mchana kutwa vijana wakiwa shule. Nilidhani atacheka. Akawa anazungusha tu funguo kidoleni.

"Buda, babangu, alituachia shamba kule Funyula," akasema. "Saa hii mama anang'oa mihogo anatupa. Hata nguruwe hataki." Kisha akarudi kuwa Oundo. "Haya, weka hiyo kitu. Lakini nikikupita kwa pointi, usinililie."

Maana programu inatoa pointi kwa kila pakiti. Nikamwambia tutaonana.

Jumanne, 12 Machi

Mvua! Ya mawe. Bati zimepigwa mpaka sikusikia mteja akinitukana.

Jumapili, 31 Machi. Pasaka

Oundo amenipita. Siku ya ufufuo, na mimi moyo unaniuma kwa sababu ya pointi. Akiror yuko nyuma yetu sote, kompyuta za shule yake ni dhaifu, lakini zinakula jua la paneli na hazijui kukatika. Anaenda mwendo wa kinyonga. Ila kinyonga huyo hajakosea pakiti hata moja.

Jumamosi, 13 Aprili

Leo kwenye ukurasa wa mradi nimeona jina letu. Aleya, Kwapa na Busia. Juu yetu kuna chuo kikuu cha nchi ambayo siwezi hata kuitamka, chini yetu kuna kampuni ya watu wa baridi. Sisi katikati, na matope yetu miguuni! Nimechapa ukurasa huo kwa rangi nikaubandika mlangoni.

Maloba, wakala wa forodha mwenye ofisi jirani, akausoma huku amejishika kiuno.

"Mnapiga hesabu za mihogo? Mama, muhogo hauhitaji kompyuta. Unahitaji jembe na sufuria."

"Na wewe unahitaji nini, kando na kufungwa mdomo?"

Wateja wakacheka. Maloba akaondoka na tai yake.

Jumapili, 28 Aprili

Radi usiku, na transfoma ya mtaa wa Oundo imepasuka. Mtaa mzima hauna stima. Mimi kwangu umeme upo, nikajisikia vizuri kidogo, Mungu anisamehe.

Alhamisi, 2 Mei

Stima ya Oundo bado. Mvua kila siku, barabara ya Kwapa imekuwa uji.

Jumatano, 8 Mei

Bado. Oundo anauza soda moto na kuchaji simu kwa jenereta ya kuazima, ndogo, haiwezi kubeba mashine zake. Nimemwonea huruma, kusema kweli. Pakiti alizokuwa ameshusha zina siku ya mwisho, zisiporudi kikundi kizima kinapoteza alama ya uaminifu. Nimemwambia. Akasema, "Usijali mathe, nitajipanga."

Jumatatu, 13 Mei

Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni. Stima hakuna na pointi za Oundo zinapanda. Nimempigia simu. "Nimesaidiwa," akasema. Na nani? "Na mtu." Akakata.

Jumatano, 22 Mei

Naandika na nguo zangu bado mbichi.

Asubuhi ujumbe wa Daktari Barbara. Umekuja kwangu kama katibu. Anasema pakiti zilizorudi kutoka kwa Oundo si kazi. Ni nakala. Zinafanana na za mwanakikundi mwingine mpaka muda uliotumika na alama ya mashine. Mradi umesimamisha Aleya. Kazi yetu yote tangu Machi imewekwa kando, ya wakweli na ya waongo, kwa sababu hawawezi kujua ni ipi nyingine iliyonakiliwa.

Yote. Nilikaa nikiangalia ule ukurasa wa rangi mlangoni. Nilifikiria shamba la Akiror na lile panga. Pingili zetu zinakwenda kupandwa kwa watu wengine, halafu msimu ujao tutatafuna maneno tena. Na jina! Jina la Kwapa na Busia limekaa mbele ya dunia kama jina la wezi.

Sikufunga hata duka. Nilivuka mpaka na mvua kichwani, na yule askari wa getini anayenijua akasema, "Mama, mwavuli?" sikumjibu. Oundo alikuwa mlangoni kwake na wateja wa kuchaji simu.

"Mwizi wewe!" nikamwambia. "Umetuibia jasho. Kwa pointi! Ili unipite mimi!"

Watu wakageuka. Nikaendelea. Nilimwambia mama yake kule Funyula ataendelea kuwatupia nguruwe mihogo kwa sababu ya mtoto wake. Hilo nilisema. Ulimi hauna mfupa, na wangu haujawahi kuwa nao.

Oundo, ambaye ana jibu la kila kitu, alichomoa simu ya mteja akamrudishia. Rangi ilimtoka. Akasema polepole, "Sikujua ni nakala, mathe. Lakini iandike ni mimi. Mwambie Daktari ni mimi peke yangu, awafungulie wengine." Kisha akaingia ndani.

Nimerudi nimelowa chapachapa. Nimemwandikia Barbara kama nilivyoambiwa. Kwa nini basi sijisikii kama mtu aliyeshinda?

Jumamosi, 25 Mei

Barbara amekuja Kwapa mwenyewe. Tulikutana shuleni kwa Akiror, kwenye chumba cha kompyuta. Oundo alikuja pia, nikakaa mbali naye. Ojulong mume wangu alinisindikiza kwa sababu, kasema, anaujua mdomo wangu.

Barbara alianza tu kusema "Ndugu Oundo", Akiror akasimama.

"Huyu mtoto hana kosa. Mimi nilifanya."

Nikadhani sijasikia.

"Stima yake ilikufa," akasema Akiror. "Akaniletea pakiti kwa flashi, nimsaidie kwa jua la shule. Nikafungua, nakuta nyingi ni zile zile zangu. Namba moja. Mimi nishalima hapo! Sasa mtu alime tena mahali pamelimwa? Nikamwekea kazi yangu kwa flashi, nikamwambia, nenda, ngwe yako imetoka. Hakuuliza. Sisi katika aleya mtu akibaki nyuma, hatumwachi. Hiyo ndiyo nimefanya. Kama ni wizi, basi nyanya yangu pia alikuwa mwizi."

Nilimtazama Oundo. Alikuwa anatazama sakafu. Alijua tangu Jumatano nilipomtukana mbele za watu. Alijua, na alimeza, kuliko amtaje mwalimu wa watu aliyemsaidia. Uso wangu ukawaka moto.

Barbara hakukasirika. Alivuta kiti akakaa karibu na Akiror, magoti kwa magoti.

"Mwalimu, pakiti kupewa watu wawili si bahati mbaya. Tunafanya makusudi. Mashine yoyote inaweza kukosea, joto likizidi, umeme ukiruka. Kwa hiyo tunawapa wawili wasioonana ngwe moja. Wakitoka na jibu moja, tunaliamini. Wakitofautiana, tunampa wa tatu. Sasa ukimpa mwenzako jibu lako, kosa lako linakuwa la wawili, na sisi tunaliita kweli. Muhogo wa kuoza tutauita mzima. Tutaukata pingili, tutawapandia watu."

Akiror aligeuka akazitazama kompyuta zake.

"Kumbe ningewapandia watu kuoza," akasema Akiror.

"Ungeweza. Na mimi nina kosa langu. Sikuwaeleza, na niliacha pakiti pacha ziende kwa majirani."

Akiror alivua miwani. Nimemjua mwanamke huyu tangu siku aliponikagua jikoni kwa mama mkwe kama mtu anayenunua mbuzi, na sijawahi kuona machozi yake. Leo nimeyaona. Alisema, "Basi nitoeni. Nitoeni mimi, kikundi kibaki."

Barbara akasema kumtoa hakutarudisha kitu. Anachoweza ni kutufungulia upya, pacha wa kila pakiti atoke nje ya Aleya, nasi tuanze sifuri. Ngwe yote, mpaka mwisho wa Julai. Tulichofanya tangu Machi tukifanye kwa muda pungufu. Akatuuliza kama tunaweza.

Mimi nikichelewa kujibu huwa naumwa. Nikasimama.

"Wifi, kaa chini. Umetufundisha mwenyewe, hakuna anayetoka shambani peke yake. Daktari, fungua. Na Oundo." Hapo nikamgeukia, maana kukiri si utumwa. "Oundo, nimekukosea. Nimekutukana, na mama yako pia nimemgusa. Nisamehe."

Akainua kichwa. "Hiyo imeisha, mathe. Lakini utanirudia mlangoni kwangu uyaseme hayo mbele ya wale wale. Halafu useme mashine zako ni za Nuhu."

Ojulong akaangua kicheko, kisha sote, hata Akiror katikati ya machozi.

Jumatatu, 27 Mei

Nimekwenda, nimesema. Yote mawili. La Nuhu ndilo lililonikwaruza koo.

Ijumaa, 31 Mei

Stima ya Oundo imerudi. Tumeanza. Tumejitungia sheria: hakuna kuuliza mwenzako ana pakiti gani, hakuna flashi, hakuna kuchungulia. Akiror ameibandika mlangoni shuleni kwa herufi kubwa: HAPA HATUTAZAMANI. Ojulong ameisoma akaniuliza kama sheria hiyo imefika na chumbani.

Jumatano, 5 Juni

Hesabu haidanganyi. Kwa mwendo huu tutafika mwisho wa Julai tukiwa nusu ya njia. Mashine hazitoshi.

Ijumaa, 7 Juni

Ajabu ya leo ni Maloba. Kaingia dukani na tai yake, kashika leso. Akaifungua juu ya kaunta yangu, juu ya karatasi za mteja. Ndani ni kipande cha muhogo wa kuchemsha, kimejaa michirizi.

"Hiki ndicho mnachopigana nacho?"

"Ndicho."

"Nimekitia mdomoni nyumbani kwa mama yangu mzazi. Ametoa kilicho bora akampa mgeni, yaani mimi mwanawe. Akaniomba radhi." Akailegeza tai. "Mama yangu kuniomba mimi radhi!"

Akaanza kukikunja kile kipande kwenye leso kama kitu cha maana. Nilikuwa na maneno tayari ya jembe na sufuria. Niliyaacha.

"Ofisini kwangu mashine zinalala kuanzia jioni mpaka asubuhi," akasema. "Na Jumapili kutwa. Na mawakala wote wa mstari huu, zao hivyo hivyo. Nifundishe hiyo programu nami nikawafundishe wenzangu. Wale mimi nawajua, ukiwaomba watakwambia kesho. Mimi sitawaomba."

Jumapili, 16 Juni

Baada ya ibada nimepita ofisi za mawakala wote. Milango imefungwa, watu wako kwao wanakula, na kwa dirisha naona taa ndogo za mashine zinapepesa. Zinalima. Nimesimama barabarani na Biblia yangu kwapani nikicheka peke yangu, na mwuza ndizi akaniuliza kama nimeokoka leo.

Jumanne, 18 Juni

Paa linavuja. Nimehamisha mashine mbili, ya tatu nimeifunika mwavuli.

Jumatano, 19 Juni

Pakiti.

Alhamisi, 20 Juni

Pakiti. Oundo amenipita tena. Safari hii nimefurahi, na nimeshangaa kufurahi.

Jumamosi, 6 Julai

Jua kali ghafla. Mashine za Oundo zinachemka, anazilaza kwa zamu na kuzipepea. Nimempelekea feni yangu ya dukani. Ameipokea kwa mikono miwili kama mtoto aliyefundishwa adabu, kisha akaniambia inapiga kelele kama mwenyewe.

Jumatano, 17 Julai

Akiror kanipigia simu asubuhi. Akiror hanipigii simu, mimi ndiye huagizwa kupitia kwa kaka yake. Nikajua kuna jambo.

Pakiti yake moja imepishana na pacha. Jibu lake na jibu la yule wa mbali, ambaye hatumjui wala hatujui nchi yake, hayafanani. Imepelekwa kwa wa tatu.

"Kama mimi nimekosea," akasema, "watasema ndio wale wa nakala. Watatufunga."

"Hawafungi kwa kukosea. Barbara alisema. Wanafunga kwa kuigana."

"Wewe unasema tu."

"Nasema kwa sababu nakujua. Hujakosea pakiti tangu Machi. Mimi ndiye wa kukosea, wewe si wa kukosea."

Kisha akasema, "Haya," akakata.

Ijumaa, 19 Julai

Jibu la wa tatu bado. Nimeharibu barua ya mteja mara mbili.

Jumamosi, 20 Julai

Wa tatu amejibu. Amekubaliana na Akiror!

Kwapa ndio waliokuwa sawa. Kompyuta ile dhaifu ya shule, inayokula jua, imesema kweli, na yule wa mbali mashine yake iliruka hesabu. Barbara ameandika kwamba aina ile ya muhogo ingepita kama nzima, kumbe kwa hesabu ni ya kuoza. Imeondolewa kwenye orodha. Na hapo nikaelewa mpaka mifupani kile alichotuambia Mei. Kama Akiror angemwiga yule mwenzake wa mbali, muhogo ule ungefika kwenye sahani ya mtu.

Nilipanda boda mpaka Kwapa nikamwambie kwa mdomo. Akiror alikuwa anasahihisha vitabu. Alisikiliza, akaweka kalamu chini.

"Kumbe kupishana si ugomvi," akasema.

Sijui alikuwa anasema pakiti au anatusema sisi. Sikuuliza. Alinikaribisha chai, na sukari alinitilia mwenyewe.

Jumanne, 30 Julai

Tumemaliza. Pakiti ya mwisho imetoka ofisini kwa Maloba, na amejifanya kana kwamba ameikokotoa kwa vidole vyake. Mwacheni, leo kila mtu na ajisifu. Oundo amepiga honi ya pikipiki ya rafiki yake kutoka getini mpaka mlangoni kwangu.

Ijumaa, 9 Agosti

Barbara: Aleya imekubaliwa. Ngwe yetu yote imepita ukaguzi, hakuna iliyorudishwa. Shamba la majaribio litakuwa Kwapa. Nimeisoma kwa sauti mlangoni mwa duka kama tangazo la ndoa, na mwenye pingamizi hakuonekana.

Jumamosi, 24 Agosti

Leo tumepanda.

Mvua ya pili imeanza jana, udongo umelainika. Pingili zilikuja kwenye magunia, kila aina na kibandiko chake. Barbara alituonya tena tusije tukamnyonga mwakani: haya ni majaribio, nyingine zaweza kuoza vilevile, ndiyo maana tunazipanda. Akiror akamwambia, "Daktari, kuoza tunakujua. Wewe panda."

Watu walikuja! Wateso wa aleya ya Kwapa na majembe yao. Maloba bila tai, kumbe ana shingo. Oundo alivuka mpaka na mama yake kutoka Funyula, mama mfupi mwenye sauti kubwa, akanishika mkono akasema, "Wewe ndiye ulimtukana mtoto wangu, na wewe ndiye ulikuja kumwomba radhi. Sawa." Akaniacha nikitafuta pa kuuficha uso. Baadaye tulipanda pamoja na akanicheka jinsi ninavyoshika jembe.

Akiror alipima ngwe. Mimi yangu ilikuwa kando ya yake. Nililima kama mtu anayekimbizwa, maana nilitaka anione. Nasema kweli, sina haya. Nikafika mwisho kabla ya wote, nikanyoosha mgongo, nikageuka. Akiror alikuwa katikati bado, ameshika kiuno. Mgongo umemsumbua tangu mvua za Machi, na hamwambii mtu.

Akaniona namtazama. "Hapa hatutazamani," akasema.

"Hiyo ni ya kompyuta," nikamwambia. "Hii ni ya jembe."

Nikaingia ngwe yake kutoka mwisho, nikalima kumfuata. Yeye anakuja, mimi naenda, mpaka majembe yetu yakakaribia kugongana juu ya donge moja. Tuliangaliana pale, wote tumejaa udongo mpaka kwenye nyusi. Wengine walikuwa wamesimama kandokando wakitungoja ili tutoke pamoja.

"Eyalama," akasema. Asante, kwa Kiteso. Kisha akasema, "Eyalama, Aidah."

Nimeiandika tarehe hapa juu vizuri, nikaipigia mstari, ili Ojulong asije akaniambia niliota.